Kupiga Picha za Wanyama wa Mwitu

Mhariri ameniomba niandike somo juu ya kupiga picha za wanyama, kwa kuwa mwezi ujao wanafunzi wa kidato cha 3 watakwenda kuitembelea mbuga ya Queen Elizabeth. Kila mwaka wanaorudi kutoka huko hutuletea picha nyingi za majani makavu yenye nukta moja nyeusi katikati, na chini yake wameandika kwa fahari: "Tembo." Nami sina shaka kwamba alikuwa tembo. Lakini msomaji hakuwako, naye hana budi kusadiki tu kwa heshima.

Katika Kiswahili twapiga bunduki na twapiga picha. Kitenzi ni kile kile. Nadhani lugha yetu haikukosea, maana kazi hizi mbili zilizaliwa nyumba moja. Mjerumani mmoja, C. G. Schillings, alisafiri katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara, akapiga picha za simba na fisi usiku kwa kuulipua unga wa kutoa mwanga, huku ng'ombe au punda amefungwa awe chambo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na jina lake lenyewe lataja mwanga na bunduki pamoja, kwa kuwa wanyama wengi aliowapiga picha aliwapiga risasi pia. Tangu siku zile watu wameacha bunduki kidogo kidogo, wakabaki na kamera. Lakini tabia ya mwindaji haikutoka yote: kunyata, kungojea, kujua upepo wavuma wapi na mnyama atapita wapi. Tabia hizo ni njema, nami nataka mzishike. Ile ya kurudi nyumbani na pembe kubwa kuliko za jirani, hiyo iacheni.

Mbuga tunayokwenda ilitengwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga. Mwaka 1954, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuja, ikapewa jina lake. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,978 hivi. Ndani yake mna Mfereji wa Kazinga, wenye urefu wa kilometa zipatazo 32, unaoliunganisha ziwa George na ziwa Edward. Mstari wa Ikweta hupita humo humo, na jambo hili ni kubwa kwa mpiga picha kuliko mnavyodhani.

Picha ni mwanga. Mnyama si kitu kama mwanga haupo, na mwanga mbaya humwharibu hata simba. Sasa, mwenye kukaa Ikweta ana mwanga mwema kwa muda mfupi sana. Kule Uingereza wakati wa kiangazi jua hushuka likilala ubavu, na mtu hupata muda mrefu wa mwanga wa rangi ya dhahabu. Kwetu jua hupanda wima kama mtu apandaye mnazi, na hushuka vivyo hivyo. Likisha kuchomoza, mwanga laini hudumu kama saa moja tu, kisha vivuli huwa vifupi na vyeusi, macho ya wanyama hupotea ndani ya vivuli vya nyuso zao, na hewa juu ya nyasi huanza kutetemeka kwa joto. Kutetemeka huko hakuna lenzi iwezayo kukuponya. Picha ya mnyama aliye mbali mita 200 saa 6 mchana itakuwa na ukungu, hata kama kamera yako imenunuliwa kwa bei ya ng'ombe kumi.

Tena liko jambo la saa, ambalo mwalimu wa jiografia atafurahi nikilitaja. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Sisi huku kwenye mbuga tuko digrii 30. Jua husafiri digrii 15 kwa saa moja. Kwa hiyo hutufikia saa nzima baadaye. Mtu wa Mombasa huliona jua likitoka kiasi cha dakika 40 kabla yetu, ingawa saa za mikononi mwetu zasoma sawasawa. Basi huku jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuzama karibu na saa 1 jioni, na adhuhuri ya kweli ni karibu na saa 7 mchana. Wanafunzi wanaoambiwa "tutaondoka saa 3 baada ya chai" wamekwisha kunyang'anywa picha zao na chai hiyo. Ombeni muwe langoni linapofunguliwa, na chai inyweni mchana wakati hakuna la kufanya.

Sasa tuje kwenye kamera. Ina mambo matatu yanayoamua mwanga kiasi gani uingie: upana wa tundu la lenzi, muda ambao kifuniko chake hukaa wazi, na wepesi wa filamu, au wa kile kioo cha umeme kinachoshika picha katika kamera za siku hizi, kuhisi mwanga. Wapiga picha wa zamani, kabla ya kamera kujipimia mwanga wenyewe, walikuwa na kanuni moja ambayo ningependa kila mmoja wenu aijue kwa moyo. Jua likiwaka bila wingu, weka tundu kwenye namba 16, na muda uwe moja juu ya namba ya wepesi wa filamu. Filamu ikiwa ya 100, muda ni kama 1/125 ya sekunde, kwa kuwa hiyo ndiyo namba ya karibu katika kamera nyingi.

Haya, tufanye hesabu. Mdiria yuko juu ya maji ya mfereji, anapiga mbawa mahali pamoja akitazama samaki. Kwa 1/125 mbawa zake zitatoka kama moshi. Twataka 1/1000 angalau. Kutoka 1/125 hadi 1/250 ni hatua moja, hadi 1/500 ya pili, hadi 1/1000 ya tatu, na kila hatua imepunguza mwanga kwa nusu. Basi lazima tufungue tundu hatua tatu ili kuurudisha: kutoka 16 hadi 11, hadi 8, hadi 5.6. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Hapo wengi huchanganyikiwa, lakini ni sehemu tu, kama vile nusu ilivyo kubwa kuliko robo. Kama lenzi yako haifungui mpaka 5.6, ongeza wepesi kutoka 100 hadi 200, nawe umepata hatua moja ya bure. Gharama yake ni chembechembe kidogo katika picha, na afadhali picha yenye chembe kuliko mdiria wa moshi.

Kamera nyingi leo hufanya hesabu hii zenyewe, na simu pia. Lakini zina ujinga mmoja, na mwenye kuujua ujinga huo amewashinda wenzake wote. Kamera hudhani kwamba dunia nzima ni ya rangi ya kijivu. Ikitazama nyati, ambaye ni mweusi na amejaa fremu yote, husema, "Hapa pana giza," ikaongeza mwanga mpaka nyati akawa kama ametiwa majivu na mbingu nyuma yake ikawa nyeupe tupu. Ikimtazama yangeyange, yule ndege mweupe apandaye juu ya nyati, na akajaa fremu vivyo hivyo, husema, "Mwanga umezidi," ikapunguza mpaka ndege akawa wa rangi ya sufuria. Kwa hiyo nyati mweusi mpunguzie mwanga hatua moja. Ndege mweupe muongezee. Na wakiwa pamoja, mmoja mgongoni mwa mwingine? Hapo mpime ndege. Weusi uliozidi kidogo waweza kusahihishwa baadaye. Weupe ukiisha kuungua hakuna cha kurudisha, manyoya yake yamepotea kabisa. Katika simu nyingi, gusa kioo mahali alipo ndege, kisha sogeza kidole juu au chini mpaka uyaone manyoya.

Nimeitaja simu, na najua wengi wenu hamna kitu kingine. Haidhuru. Msiikuze picha kwa vidole viwili, maana katika simu nyingi huko si kukuza, ni kukata tu. Shuleni tuna darubini. Weka jicho la simu kwenye tundu moja la darubini, pale unapoweka jicho lako, shikilia vyote viwili juu ya mfuko wa maharagwe ulioegemezwa dirishani mwa motokaa, na mwombe dereva azime injini. Picha itakuwa na duara jeusi pembeni, lakini kongoni aliye mita 80 atakuwa kongoni, si nukta. Mfuko huo wa maharagwe ni mali. Wapiga picha wenye lenzi ndefu kama bomba la maji huutumia hata leo, na jioni maharagwe hupikwa.

Baada ya mwanga kuna mnyama mwenyewe, na hapa ndipo wenye subira huachana na wenye pupa. Kwenye nyanda za Kasenyi mtamwona kobu, swala yule aliyesimama katika nembo ya nchi yetu akikabiliana na korongo-taji. Madume ya kobu wana desturi ya ajabu. Hukusanyika mahali pamoja, kila mmoja na kiwanja chake kidogo, akakilinda dhidi ya majirani zake kwa pembe, na majike huja wakapita katikati yao na kuchagua. Mtaalamu wa Marekani, Helmut Buechner, aliieleza desturi hiyo mwaka 1961 baada ya kuichunguza upande wa Toro. Faida kwa mpiga picha ni hii: mahali hapo hapahami. Hutumika miaka na miaka, majani yake yamekanyagwa yakawa mafupi. Yafaa mwegeshe motokaa mbali kidogo, jua likiwa mgongoni mwenu, mkae kimya. Baada ya nusu saa mtakuwa kama kichuguu. Ugomvi utawajia wenyewe.

Kiboko naye mtamwona kutoka mashuani. Watu husimama juu kabisa ya mashua ili waone vizuri, na picha zao zote zatoka na migongo kama mawe. Kaeni chini kadiri nahodha anavyoruhusu, ili kamera ikaribie kimo cha jicho la kiboko. Na lipimeni jicho hilo: jicho likiwa kali, mtu husamehe mguu wenye ukungu, jicho likiwa na ukungu, hakuna kinachosameheka. Kiboko akifunua kinywa, msidhani ana usingizi. Mara nyingi ni onyo kwa mwenzake, au kwa mashua. Tembo akikunjua masikio na kutikisa kichwa, naye amekuonya, wala hakukaa ili apigwe picha. Ikiwa mnyama ameacha kula na anakutazama wewe, umekwisha kumkaribia kupita kiasi.

Kwa nini tufanye kazi hii yote, hali picha za simba zimejaa tele duniani? Jibu moja ni la kisayansi. Mwaka 1970 Pennycuick na Rudnai walionyesha, kwa simba wa mbuga ya Nairobi, kwamba nukta zilizo kwenye mashina ya sharubu hazifanani kwa simba wawili, wala hazibadiliki maishani. Ukipata picha safi ya shavu la kushoto na la kulia, umepata kitambulisho chake. Kule Manyara, Iain Douglas-Hamilton aliwajua mamia ya tembo mmoja mmoja kwa mapengo na mishipa ya masikio, na kazi hiyo aliianza katika miaka ya 1960 kwa kamera na daftari. Punda milia ana mistari yake, twiga mabaka yake. Kwa hiyo picha ya ubavu iliyo wazi, yenye tarehe na mahali, yaweza kumfaa mtafiti kuliko picha ya kupendeza ya machweo.

Jibu la pili nalipata hapo hapo mferejini. Mwezi Februari 2024 simba wawili ndugu, Jacob na Tibu, waliogelea usiku kuuvuka Mfereji wa Kazinga, umbali uliozidi kilometa moja, katika maji yenye mamba na viboko. Jacob alikuwa na miguu mitatu. Mwaka 2020 mtego wa majangili ulimnyima mguu mmoja wa nyuma. Walijaribu, wakarudi, wakajaribu tena, mpaka wakavuka. Watu wangesikia habari hii wasingeiamini. Lakini watafiti waliwapiga picha kutoka juu, kwa chombo kirukacho chenye kamera ihisiyo joto, na katika giza lile miili ya ndugu wawili ikaonekana ikisogea majini. Mwezi Julai mwaka ule ule habari ikachapishwa katika jarida la sayansi. Watafiti walidhani kwamba walikuwa wakitafuta majike, kwa kuwa majike wamekuwa wachache. Sababu ya uchache huo si siri. Aprili 2018 simba 11, majike na watoto wao, walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, na Machi 2021 wengine 6 wakaonekana wamekufa upande wa Ishasha, vichwa na makucha yamekatwa.

(Chombo kirukacho hakiruhusiwi kwa mgeni asiye na kibali. Mwenye kaka wa Kampala aliye nacho asije nacho.)

Nilipoyaeleza haya katika chama chetu cha picha, kijana mmoja aliyezaliwa katika vijiji vya wavuvi vilivyo ndani ya mbuga aliinua mkono. "Mwalimu," akasema, "mgeni akimwona simba hupiga picha, akaenda zake. Sisi simba akija hula ng'ombe. Mbona somo hili lamhusu simba tu?" Darasa likanyamaza. Wengine walidhani nitakasirika.

Mimi naona aliuliza vema. Ni kweli kwamba sehemu ya 20 katika 100 ya ada za langoni imewekwa kwa ajili ya jamii zinazopakana na mbuga. Tena Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka njia ya kuomba fidia kwa aliyedhuriwa na mnyama wa mwitu, yeye au mali yake. Lakini mwenye kuomba huulizwa ushahidi, na ushahidi wa mguu wa mnyama haudumu. Mvua moja, kundi moja la mbuzi, umekwisha. Tangu siku hiyo nimeongeza katika somo sehemu ambayo vitabu vya wageni havina, nayo ni kupiga picha za nyayo.

Fanyeni hivi. Mtu asiukanyage udongo ulio karibu. Wekeni kalamu au rula kando ya unyayo, maana picha isiyo na kipimo haionyeshi kama ni paka au chui. Kamera iwe juu yake wima kabisa, isilale upande, maana ikilala unyayo hurefuka. Pigeni asubuhi au jioni, mwanga ukitoka ubavuni, ili kivuli kijaze kila kishimo. Kama ni mchana, mwenzako azuie jua kwa mwili wake na mwingine amulike kwa tochi kutoka chini pembeni. Kisha rudini nyuma hatua tano, mpige picha ya pili inayoonyesha boma, mti au nyumba, mahali pajulikane. Ya tatu ni ya madhara yenyewe. Halafu mtazame: kama alama za kucha zaonekana mbele ya vidole, huyo ni fisi au mbwa, simba na chui huficha kucha wanapotembea. Mara nyingi simba hulaumiwa kwa kazi ya fisi, na sumu anayowekewa huwaua wote wawili, pamoja na tai na mbwa wa nyumbani.

Yule kijana alipiga picha tatu za namna hiyo wakati wa likizo, katika boma la mbuzi wa shangazi yake. Kucha zilionekana wazi. Ni picha chafu za udongo tu, wala hakuna mtalii atakayezitundika ukutani, lakini wazee wa kijiji walizitazama kwa muda mrefu, wakapeana simu mkono kwa mkono.

Yamebaki machache ya adabu. Msimsihi dereva atoke njiani ili kumkaribia chui, wala msimwahidi bakshishi kwa jambo hilo. Majani yaliyokanyagwa na motokaa moja huwa njia ya motokaa kumi. Mwanga wa kamera usiku msiutumie. Kwa sokwe wakubwa wa Bwindi, wale gorila, ni marufuku kabisa, na mtu husimama mbali mita 10 siku hizi. Zamani ilikuwa 7. Mkipita Ziwa kuwaona vifaru, zimeni katika simu ile alama ya kuonyesha mahali kabla ya kupiga, kwa sababu picha inayotumwa yaweza kumwambia jangili hata asiyoulizwa. Na watu wanaochota chumvi katika ziwa la Katwe si wanyama wa mbuga. Waamkieni kwanza, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," mweleze mtokako, kisha muombe. Akikataa, mshukuruni mwendelee na safari.

Picha zote za safari, na za nyayo kutoka nyumbani, zipelekwe kwa katibu wa chama kabla ya Ijumaa ya pili baada ya kurudi. Nyuma ya kila picha iandikwe siku, saa, mahali, na jina la mnyama. Neno "Tembo" peke yake halitapokelewa.